Ufuo Mzuri ni Upi?

Ukisimama juu ya milima ya Manga, Nyamira, asubuhi isiyo na ukungu, unaliona Ziwa Victoria likimeta kwa mbali. Wazee wa Abagusii husimulia kwamba zamani tuliishi karibu na maji hayo, kule Goye, kisha uwanda wa Kano, kabla ya kupanda milimani. Kwa hivyo nilipoacha chuo na kusema naenda Diani kujifunza kuendesha ubao wenye tanga, magokoro alicheka. "Maji tuliyaacha. Wewe unarudia nini huko?"

Sikuwa na jibu.

Diani nilijifunza kwanza kalenda. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi; ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikaja kuyarudisha. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 na rubani aliyejua njia, akafika India kwa siku 23 hivi. Kurudi, aling'oa nanga Oktoba, kabla kaskazi haijashika. Bahari ileile ilimchukua karibu miezi 3, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye.

Nahodha alitaka bandari iliyojificha: Mombasa ndani ya mkono wa bahari, Lamu nyuma ya kisiwa cha Manda. Sisi wa ubao tunataka kinyume. Diani iko wazi, na kaskazi na kusi zote huja kwa mshazari kutoka baharini. Mwamba ambao nahodha aliuogopa ndio unaotuvunjia mawimbi.

Uingereza hesabu ni hiyohiyo. Hayling Island inatazama kusini, na upepo wao mwingi hutoka kusini-magharibi. Hapo, mwaka 1958, mvulana wa miaka 12, Peter Chilvers, alifunga tanga kwenye ubao akacheza nao. Baadaye kampuni ya Marekani ilidai uvumbuzi huo ni wake. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikubali kwamba hataza yake nchini humo ni batili, na mchezo wa yule mtoto ulikuwa sehemu ya ushahidi. Mtoto hakuwa na cheti chochote. Hiyo niliipenda, bana.

Lakini upepo hauna huruma na wajuaji. Asubuhi moja maji yalikuwa yamelala kabisa, nikaingia. Kumbe upepo ulitoka nchi kavu, ukanisukuma hadi karibu na mwamba. Mvuvi wa ngalawa alinivuta kurudi. "Kijana, kabla hujatazama maji, tazama makuti yanapeperukia wapi."

Nilimhadithia magokoro. Naye akanikumbusha Kabianga, ambako wazee wetu walilima, baridi ikaua mazao, wakahama tena. Kumbe nao walijifunza hewa kwa hasara, ndiyo tukapata milima hii.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huko Diani, mwezi huu upepo unatoka wapi?"

Hilo nilikuwa na jibu lake.