Mtihani wa Mtoto Mmoja

Vijana wengi wa Lagangabilili wanadhani kambi ya darasa la saba ni jambo la tangu enzi. Ukipita shuleni mwezi wa nane unakuta magodoro yamepangwa darasani, sufuria la uji liko jikoni na mwalimu wa zamu anafundisha kugawanya desimali saa mbili usiku, unaona kama kijiji hakijawahi kuishi namna nyingine. Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 1984, Itilima, wilaya yetu ya leo, ikiwa bado ndani ya wilaya ya Bariadi na Bariadi ikiwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Siku ya mtihani nilikula kiporo cha ugali, nikatembea mpaka shuleni, nikafanya karatasi tatu, nikarudi nyumbani kupalilia vitunguu vya mama. Hakuna aliyeniuliza mtihani ulikuwaje.

Hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa wanajua hesabu. Darasa likiwa na watoto arobaini, wa kwenda sekondari ni mmoja, pengine wawili, na miaka mingine hakuna. Nani atauza mbuzi kwa ajili ya bahati nasibu ya namna hiyo?

Baba yangu alichujwa mapema zaidi. Yeye alisoma miaka ya hamsini, chini ya Mwingereza, na chujio la wakati ule lilikuwa darasa la nne. Ukivuka hapo unaingia shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, kisha unakutana na mtihani mwingine wa darasa la nane, na ukijaliwa tena unaelekea sekondari ya Tabora au Bwiru. Sehemu zetu hizi zote zilikuwa za wilaya ya Maswa, na shule zenyewe zilikuwa za kuhesabika, nyingine za misheni, nyingine za serikali ya watemi. Karo ilitoka kwenye pamba. Mwaka ambao pamba ilikataa, mtoto alirudi kuchunga, na mtihani wa darasa la nne ulimkuta malishoni. Baba aliufanya, hakuvuka, na hakulalamika hata siku moja. Aliusimulia kama watu wanavyosimulia mwaka wa njaa, jambo lililompata kila mtu.

Baada ya uhuru chujio lilisogezwa mbele. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akasema shule ya msingi iwe elimu kamili ya mtoto atakayeishi kijijini, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Mtihani wa darasa la nne ukaondolewa mwaka 1973, mwaka uleule lilipoanzishwa Baraza la Mitihani la Tanzania, miaka miwili baada ya nchi kujitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Azimio la Musoma likafuata mwaka 1974, likitaka kufikia 1977 kila mtoto awe darasani. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeshawaweka watu pamoja, kwa hiyo madarasa yalijaa. Walimu walikuwa haba, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Hao ndio walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Watu wanawacheka mpaka leo, nami sipendi. Mmoja wao, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijamtoka, ndiye aliyenifundisha kusoma, na sijaona mwenye shahada aliyemzidi.

Hapo ndipo ugumu ulipoingia. Milango ya shule ya msingi ilifunguliwa yote, mlango wa sekondari ukabaki ufa. Serikali ilifanya hivyo kwa makusudi. Fedha haikutosha, na falsafa ilisema mkulima hahitaji kidato cha nne ili alime vizuri. Nafasi chache zilizokuwepo ziligawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyotangulia kielimu isizichukue zote. Mgao huo ulitusaidia sisi wa Shinyanga, lazima niseme. Hata hivyo shuleni kwetu mgao ukishafika unakuwa jina moja.

Matayarisho yetu yalikuwa hivi. Asubuhi shamba la shule, kwa kuwa shule nayo ililima pamba ya kujitegemea. Halafu masomo. Jaribio liliandikwa ubaoni, nasi tukalinakili kwenye daftari kabla ya kulijibu, hivyo aliyenakili polepole alikuwa ameshafeli kabla ya kuanza. Mashine ya kurudufu yenye stensili ilikuwa kwenye ofisi za wakubwa wilayani. Mtihani wenyewe ulikuja katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, pamoja na msimamizi kutoka shule nyingine. Karatasi zilikuwa tatu: Lugha, Hisabati na Maarifa. Baada ya hapo kimya, miezi, mpaka mwalimu mkuu alipopanda baiskeli kwenda Bariadi kwenye ofisi ya elimu na kurudi na majina.

Jina lililorudi mwaka ule lilikuwa langu. Nasema hivyo bila majivuno, kwa sababu kwenye dawati langu tulikaa watatu, na wawili wale walikuwa wakinipa majibu ya hesabu kuliko mimi nilivyowapa. Wazee walisema ni nyota ya ukoo. Wengine walisema bibi yangu alikwenda kwa mganga, na bibi, ambaye alipenda kuogopwa, hakukanusha.

Sasa ndipo kijiji kilipoamka. Ng'ombe mmoja aliuzwa. Sanduku la bati lilinunuliwa, shuka mbili, ndoo, viatu vyeusi. Mjomba alileta kuku, jirani akatoa nauli ya basi. Michango yote ilikuja baada ya mtihani, kwa mtoto mmoja ambaye ameshapita. Kabla ya mtihani, kwa watoto arobaini, hakuna aliyetoa hata debe la mahindi. Nilipokuja kuwa mwalimu ndipo nilipoiona vizuri tofauti ya wakati ule na sasa.

Miaka ya themanini michango ya shule ilirudi, watoto wakapungua, paa likavuja. Sitakaa sana hapo. Kila aliyekuwa mwalimu anaikumbuka mishahara ya kipindi kile. Mabadiliko yaliyobeba uzito yalikuja kuanzia 2001. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza 2002 na kujenga madarasa, kisha ukaja mpango wa sekondari wa 2004, na kuanzia 2006 shule za kata zikaota kila mahali. Baadhi zilianza bila maabara, bila mwalimu wa fizikia, nyingine bila milango. Lakini zilikuwa na madawati ya kidato cha kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu Mwingereza, mtoto aliyefaulu alikuwa na mahali pa kwenda hata kama ni wa ishirini darasani.

Kwa akili ya kawaida ungetarajia hofu ya mtihani ishuke. Ilipanda. Mmoja akifaulu kati ya arobaini, husemi mwalimu ni mvivu. Unasema nafasi ni chache. Wote wakiweza kufaulu na nusu wakaanguka, mtu ataulizwa, na atakayeulizwa ni mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata, kisha mkurugenzi. Mwaka 2012 tulipata mkoa mpya wa Simiyu na wilaya mpya ya Itilima, makao makuu hapahapa Lagangabilili. Mkoa mpya unaanza na jina lake kwenye orodha ya matokeo, hauna tena Shinyanga ya kujificha nyuma yake. Mwaka huohuo fomu za kusahihishwa kwa mashine zikaingia, mtoto akatakiwa kuweka kivuli kwa penseli kwenye herufi ya jibu, hata katika Hisabati. Tulitumia wiki nzima kufundisha kutia kivuli. Kuna mtoto aliyekuwa hodari wa kuchora ng'ombe, alitia kivuli kizuri kuliko wote, majibu yakawa shauri jingine.

Kambi zilishika kasi baada ya 2016, mkuu wa mkoa akiwa Anthony Mtaka, ambaye alizifanya kambi za kitaaluma kuwa wimbo wa mkoa mzima, kuanzia kidato cha sita na cha nne hadi darasa la saba. Wazazi wakaombwa mahindi, maharage na kuni. Mitihani ya ujirani mwema ikawa ya mfululizo: shule jirani zinatungiana maswali, zinabadilishana wasahihishaji, karatasi inarudufiwa kwa mchango. Hata chaki zilianza kutoka karibu, kwenye kiwanda cha vijana wa Maswa. Ni kijiji kilekile kilichoniacha nile kiporo mwaka 1984. Sasa kinapikia darasa zima, tena kabla ya mtihani.

Yapo niliyoyaona kambini yasiyonipendeza. Mtoto anayekaririshwa maswali ya miaka kumi iliyopita hujibu kabla hajamaliza kusoma swali. Na darasa la tatu, ambalo bado linahangaika na kusoma kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani ni Kisukuma mtupu, huachwa bila mwalimu, kwa vile mwalimu hodari amepelekwa kambini.

Ila kambi ilifanya kazi moja ambayo hakuna aliyeipanga. Kwetu kuna wazazi wanaomwambia binti ajifelishe. Mantiki yake ni ya kisheria kuliko watu wa mjini wanavyofikiri. Binti akifaulu anabaki mwanafunzi, na tangu marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini. Akifeli, uanafunzi umekwisha, na ng'ombe wanaweza kuanza kuhesabiwa. Nimesimamia vyumba vya mtihani katika kata mbalimbali na nimewaona wasichana wanaotia kivuli herufi A kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, kwa utulivu, kisha wanalaza kichwa mezani. Huwezi kusema kitu; msimamizi haongei. Binti anayelala shuleni wiki kadhaa kabla ya mtihani, mbali na shangazi wanaokuja kumpa maelekezo jioni, ana nafasi ya kusahau aliyoambiwa. Baadhi walisahau. Mmoja alinifuata baadaye akiwa na sare ya sekondari, hakusema lolote kuhusu jambo hilo, akaniomba tu nimpe daftari.

Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Kwetu orodha haikufa; sasa inatengenezwa wilayani kwa simu, matokeo yanapotoka, na kufikia jioni kila mwalimu mkuu anajua ni wa ngapi.

Jambo linalotushughulisha sasa ni 2027. Kwa sera mpya ya elimu, shule ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mtaala ulioanza Januari 2024 unafikisha darasa la sita mwaka huohuo ambao darasa la saba la mwisho litakuwa linamaliza. Madarasa mawili yataondoka kwa pamoja na kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Nipo kwenye kamati ya shule, na katika mkutano wa wazazi wa karibuni suala hili lilitumaliza nguvu. Mama mmoja aliuliza kama darasa la sita nalo liwekewe kambi. Mzee mmoja wa rika la marehemu baba akauliza, kama mtihani wa kuchagua hauko, watachaguliwa kwa kitu gani. Nikamjibu, "Mzee wangu, hawatachaguliwa, wataenda wote." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ng'ombe watanyweshwa bila foleni. Mwenyekiti akataka kwanza tuhesabu tofali za madarasa ya sekondari, maana watoto wa miaka miwili hawatakaa kwenye vyumba vya mwaka mmoja. Hoja ya kambi ikaahirishwa mpaka pamba iuzwe.