Haidrojeni ya kijani: gharama iko kwenye kufunga na kufungua mzigo

Haidrojeni ya kijani ni gesi inayopatikana kwa kupitisha umeme wa jua, upepo au mvuke wa ardhini ndani ya maji. Kutengeneza kilo moja hula uniti 50 hadi 55 za umeme, na kilo hiyo ina nishati ya uniti 33. Wasikilizaji wengi wanauliza: mbona nchi zenye jua kali haziiuzi nje kama mafuta? Shida ni usafiri.

Gesi hii ni nyepesi kuliko zote. Ikiachwa ilivyo, kilo moja hujaza zaidi ya lita 11,000. Ili ipakiwe melini, lazima iwe majimaji au ibebwe na majimaji mengine. Njia kuu ni tatu.

Ya kwanza: kuipoza
Haidrojeni huwa majimaji kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Kuipoza tu hula takribani uniti 10 kwa kilo, na njiani nyingine hufuka. Mwaka 2022 meli ya Suiso Frontier ilipeleka shehena ya kwanza ya namna hiyo kutoka Australia hadi Japani, ingawa ile haikuwa ya kijani. Ilitokana na makaa ya mawe.

Ya pili: kuipakia kwenye tolueni
Tolueni ni majimaji yatokanayo na mafuta ya petroli. Faida yake ni kwamba matangi na meli za kawaida za mafuta zinatosha. Lakini kila kilo 100 za mzigo hubeba kilo 6 tu za haidrojeni. Kuifungua kunahitaji joto kali, la uniti 9 au zaidi kwa kilo. Kisha tolueni lazima irudishwe ilikotoka, kama kreti ya soda inavyorudi na chupa tupu. Unalipia safari mbili.

Ya tatu: amonia
Hapa haidrojeni huunganishwa na naitrojeni ya hewani. Kilo 100 za amonia hubeba karibu kilo 18 za haidrojeni, na nyuzi 33 chini ya sifuri zinatosha kuifanya majimaji. Hakuna cha kurudisha. Meli na maghala yake yapo tayari, kwa kuwa dunia hutengeneza takribani tani milioni 180 kwa mwaka, nyingi zikiwa za mbolea. Ubaya wake ni sumu: ikivuja inaua. Kuivunja ili kupata haidrojeni tena pia hula nishati nyingi.

Kwa nini inamhusu mkulima
Kila hatua ya kufunga na kufungua inakula faida. Anayetumia amonia kama ilivyo anaepuka hatua ya mwisho, na anayeitumia karibu na inapotengenezwa anaepuka meli pia. Mbolea kama yuria na CAN hutengenezwa kwa amonia. Ndiyo maana karibu na Naivasha, Kenya, shamba la Morendat limewekewa mtambo wa umeme wa jua wa kutengeneza takribani tani moja ya amonia kwa siku, kwa ajili ya mbolea.

Kwa hiyo mradi wa haidrojeni ukitangazwa kwenu, uliza mambo matatu: itabebwa na nini, nani atalipia kuifungua, na je, mbolea kidogo itabaki hapa?