Meli Zilizofika kwa Vipande

Kabla reli haijafika Kisumu, tayari palikuwa na meli ya chuma majini. William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Mombasa, kisha vipande vyake vikabebwa kuelekea Ziwa Victoria, vingine vichwani mwa wapagazi. Ilishushwa majini mwaka 1900, mwaka mmoja kabla ya reli kufika.

Ustadi uliohitajika kuiunganisha ulikuwa wa karakana. Ribiti hupashwa moto mpaka iive, hushikwa kwa koleo na kuingizwa tunduni. Mmoja huishikilia kwa nyuma, mwingine huigonga ingali nyekundu. Ikipoa hujikaza, na mabati hubanana. Aliyejua kuunganisha meli hivyo alijua pia kuikarabati.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilithibitisha hilo. Januari 1915 Wajerumani waliiteka Karungu, leo katika kaunti ya Migori, na meli ya Winifred ikatumwa kuikabili hali hiyo. Meli nyingine, Sybil, iliyokuwa imekwama miambani mwaka 1914, iliopolewa mwaka uliofuata ikarudi kazini.

Meli ya Rusinga, iliyopewa jina la kisiwa cha Homa Bay, iliundwa Paisley mwaka 1913 ikaunganishwa Kisumu. Iliondolewa katika huduma ya umma mwaka 1966, lakini wanunuzi binafsi waliiendeleza kwa miongo mingi. Hapo ndipo thamani ya fundi inapoonekana wazi!

MV Uhuru nayo, ya miaka ya 1960, ilikaa bila kazi kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 2019, baada ya ukarabati, ilianza tena kusafirisha mafuta hadi Port Bell, Uganda.