Andromeda alikuwa binti wa Kiafrika. Nani alimpaka weupe?

Siku moja nilimwonyesha binti wa kaka yangu picha kwenye simu, nikamwambia huyu ni binti mfalme wa Ethiopia. Akaitazama, akanitazama. "Shangazi, mbona ni Mzungu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Picha yenyewe ni ya Titian, mchoraji mkubwa wa Venice, aliyoichora kati ya 1554 na 1556 kwa ajili ya Philip II wa Hispania. Ndani yake Andromeda amefungwa minyororo kwenye mwamba, mweupe kama maziwa. Perseus anashuka kutoka angani kichwa chini miguu juu, na kati yao dudu la baharini limefungua kinywa. Leo ipo Wallace Collection, London. (Kabla haijathaminiwa ilitundikwa bafuni kwa mwenye nyumba. Ndiyo, bafuni.)

Kisa kwa ufupi: malkia Cassiopeia, mke wa mfalme Cepheus, alijisifu uzuri kupita mabinti wa bahari. Mungu wa bahari akakasirika, akaleta mafuriko na dudu. Ikaamuliwa kwamba binti ndiye alipe deni la mdomo wa mama yake. Perseus akapita, akampenda, akamwokoa, akamwoa.

Sasa, "Ethiopia" ya Wagiriki usiichanganye na nchi ya leo yenye mji mkuu Addis Ababa. Kwao jina hilo lilimaanisha watu wa nyuso zilizounguzwa na jua, walioishi kusini ya Misri, upande wa Sudan ya sasa na kuendelea. Wako waandishi wa kale waliokipeleka kisa hiki Jaffa, pwani ya Palestina, kwa hiyo ubishi wa asili ya Andromeda haukuanza jana.

Lakini mshairi Ovid, Mrumi ambaye wachoraji wa Ulaya walimsoma kama sisi tulivyomsoma Shaaban Robert, alisema wazi kwamba Andromeda ni mweusi. Tena alisema mahali ambapo hukutegemea: katika kitabu chake cha mambo ya mapenzi, akiwashauri wanawake rangi za nguo. Wenye ngozi nyeusi, anasema, nguo nyeupe huwakaa vizuri, na mfano wake ni Andromeda! Mahali pengine anawasifu wanaume wasiowatia wapenzi wao aibu kwa rangi zao, na mfano ni Perseus.

Basi weupe ulitoka wapi? Sehemu ya lawama ni ya Ovid huyohuyo. Katika kitabu kingine anasema Perseus alipomwona msichana amefungwa mwambani, nusura amdhanie sanamu ya marumaru. Watu wa karne ya 16 walizijua sanamu za kale zikiwa nyeupe, kumbe zamani zilipakwa rangi, na mvua na udongo ndivyo vilivyoziondoa. Sababu nyingine ni ya zamani zaidi. Kwenye chungu kimoja cha Kigiriki cha karibu mwaka 460 KK, kilichopo makumbusho ya sanaa ya Boston, watumishi wanaomfunga Andromeda wana sura na nywele za Kiafrika, yeye hana. Umeona? Watumishi wanaruhusiwa kuwa Waafrika. Binti mfalme, hapana.

Ukiniuliza mimi, hapo ndipo penye uchungu. Titian hakukosa habari. Alirithi mazoea kwamba mrembo lazima awe mweupe, na mazoea yakashinda maandishi. Na si kwamba hakuna aliyeuliza. Francisco Pacheco, mwalimu na baba mkwe wa Velázquez, alihoji katika kitabu chake cha sanaa kilichochapwa 1649: kwa nini tunamchora mweupe, ilhali waandishi wa kale wanasema alikuwa mweusi? Miaka sita baadaye, 1655, kitabu kimoja kilichapwa Ufaransa chenye picha ya Andromeda mweusi, iliyobuniwa na Abraham van Diepenbeeck. Kwa hiyo binti wa kaka yangu aliuliza swali la Pacheco, akiwa darasa la nne.

Nilimjibu usiku. Mwishoni mwa Novemba, kama mawingu ya vuli yamekuachia nafasi, simama kwenye miamba ya ufukwe upande wa Suguti au Majita kama saa tatu hivi. Zipe mgongo taa za wavuvi wa dagaa, tazama kaskazini. Familia nzima ipo. Cepheus yuko chini karibu na upeo. Cassiopeia ni nyota tano zilizojipanga kama herufi M. Kilele cha kushoto cha M kinaelekeza juu. Panda kiasi cha ngumi moja na nusu kwa mkono ulionyooshwa, utaona kidoa cha ukungu. Hiyo ndiyo galaksi ya Andromeda. Mwaka 1923 Edwin Hubble aligundua ndani yake nyota ya aina iliyopewa jina kutokana na kundinyota la Cepheus, ndiyo iliyomsaidia kupima umbali. Yaani baba ndiye aliyetusaidia kujua binti yuko wapi.

Yuko miaka milioni 2.5 ya mwendo wa nuru. Nuru unayoiona ilipoondoka kule, huku duniani kulikuwa na viumbe waliokwisha kujifunza kuchonga mawe yawe visu. Mawe ya aina hiyo, yenye umri wa karibu miaka milioni 2.6, yamechimbuliwa mahali panapoitwa Gona. Gona iko Ethiopia, hii ya leo.