Kutoka Kericho hata Isebania

Msomaji, ukipanda gari asubuhi katika mji wa Kericho na kushika njia ya kusini, utapita kwanza katikati ya mashamba ya chai, kijani kibichi mkono wa kulia na kijani kibichi mkono wa kushoto, hata ufike Litein, kisha Kaplong na Sotik. Ukiendelea utaingia nchi ya Wakisii, nchi ya migomba na vilima vilivyosongamana, halafu utateremka Migori. Baada ya saa chache njia itakufikisha Isebania. Mbele yako pana mji mwingine uitwao Sirari. Watu wa Isebania ni Wakurya na watu wa Sirari ni Wakurya. Lugha yao ni moja, na ukoo ulio huku ndio ulio kule. Lakini Isebania imo Kenya, na Sirari imo Tanzania.

Nataka kukueleza habari za mpaka huo. Hata hivyo itanibidi nianze Kericho kwenyewe, kwa sababu nchi hiyo ya chai nayo imepata kuvukwa na mpaka, bila ya mtu wake hata mmoja kuondoka mahali pake.

Mtoto wa Kikipsigis aliyezaliwa Kericho mwaka 1900 alizaliwa, kwa hesabu ya Serikali ya Kiingereza, katika nchi ya Uganda. Usishangae. Wakati ule Naivasha ilikuwa Uganda, na Kisumu ilikuwa Uganda. Nchi hizo zote zilikuwa chini ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda, na ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901 ilikuwa imefika Uganda kweli. Ndipo wakubwa wa London walipoona si vema reli moja iwe mikononi mwa serikali mbili. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki ukatolewa Uganda ukatiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ile ambayo mwaka 1920 iliitwa Koloni la Kenya. Basi mtoto wetu alihama nchi akiwa na umri wa miaka miwili, naye huenda alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake.

Je, jambo hilo lilikuwa dogo? Katika ramani ni kufuta mstari mmoja tu na kuchora mwingine. Lakini fikiri vizuri. Serikali ya Uganda ilikuwa imefanya mapatano na watawala wa Buganda, na walowezi wa Kizungu hawakuwa wengi huko. Serikali ya Afrika ya Mashariki, chini ya Sir Charles Eliot, ilitaka walowezi waje wailipie reli ile kwa kilimo chao. Mwaka uleule wa 1902 ikatoka sheria ya ardhi iliyoipa serikali uwezo wa kugawa nchi kwa wageni. Wakipsigis, ambao Waingereza waliwaita Walumbwa kwa jina lisilokuwa lao, wakajikuta upande wa sheria hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sehemu ya ardhi yao nzuri karibu na Kericho iligawiwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Kitani hakikufaa. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 yakaingia makampuni makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yakapanda chai. Sisemi kwamba mpaka peke yake ndio ulioleta hayo yote. Nasema kwamba ulipohamishwa, watu waliokuwa ndani yake hawakuulizwa neno, na wajukuu wao wangali wanadai ardhi hiyo hata leo.

Sasa twende kusini. Mstari wa Isebania ulianza kuchorwa mwaka 1886, wakati Waingereza na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walipopatana kugawana nchi iliyo baina ya pwani na Ziwa Victoria. Walianza penye mlango wa mto Umba, wakaenda hata Ziwa Jipe, wakauzunguka mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini, na kutoka hapo wakapiga mstari mnyofu hata ukingo wa ziwa, mahali pakutwapo na nyuzi 1 ya kusini. Labda umesikia hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa Kaizari mlima Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, lakini si historia. Tazama tu kwamba mapatano yalifanyika mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili hakutawazwa mpaka 1888.

Mstari mnyofu ni ushahidi. Mto hupinda, mlima hupinda, hata njia ya ng'ombe waendao kunywa maji hupinda. Waliochora mstari ule hawakuwa wameona malisho ya Wamasai wala mashamba ya Wakurya. Kwa hiyo ukapita katikati ya wote wawili, na koo za Kikurya kama Abanyabasi na Abairege zikawa na nyumba pande zote mbili. Hata maji ya Bomet yalikatwa. Mito ya Nyangores na Amala hutoka katika msitu wa Mau, ikapita katika nchi ya Bomet, kisha huungana kuwa mto Mara. Na Mara huuvuka mpaka, ukaenda kumwaga maji yake Ziwa Victoria upande wa Musoma. Mkulima wa Bomet akikata miti ukingoni mwa Nyangores, mvuvi wa Tanzania huyaona matope.

Kwa miaka ishirini na minane mstari huo ulikuwa baina ya madola mawili ya Ulaya, na mwaka 1914 madola hayo yakapigana. Mwezi wa Septemba jeshi la Wajerumani liliuvuka mpaka likaingia Kisii. Tarehe 12 askari wa King's African Rifles wakalishambulia, wakauana sana, kisha pande zote mbili zikarudi nyuma. Wenyeji walipouona mji hauna mwenyewe wakachukua mali iliyoachwa. Serikali iliporudi ikawaadhibu. Hivyo ndivyo watu wa Kisii walivyojua kwamba kusini yao palikuwa na mpaka wa kimataifa.

Vita vilipokwisha Tanganyika ikatiwa chini ya Waingereza, na hapo mstari ukapungua ukali wake. Tangu 1921 shilingi moja ilitumika pande zote. Kufikia 1927 Tanganyika ilikuwa katika umoja wa forodha pamoja na Kenya na Uganda. Posta ilikuwa moja, baadaye reli na ndege pia. Baada ya uhuru umoja huo haukufa mara moja: mwaka 1967 Nyerere, Kenyatta na Obote walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao yake yakawa Arusha. Mtu wa Sotik mwenye ndugu Musoma hakuwa na haja ya kuifikiri sana Isebania.

Lakini ndani ya nyumba palikuwa na ugomvi. Kenya ilikuwa na viwanda vingi zaidi, na wenzake waliona faida ya soko inawakimbilia wakubwa wa Nairobi. Tangu 1966 kila nchi ilikuwa na shilingi yake. Tanzania ilifuata Azimio la Arusha na siasa ya ujamaa; Kenya ilishika njia ya biashara ya watu binafsi, na magazeti ya pande mbili yakatukanana. Mwaka 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, kwa hiyo marais watatu hawakukutana tena. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja likavunjika, Kenya ikaanzisha lake, na mwezi wa Februari Tanzania ikaufunga mpaka.

Nakuomba upime maana ya neno hilo, kufunga. Magari ya utalii ya Kenya yaliyokutwa upande wa pili yalizuiliwa huko. Malori yaliyokuwa yakienda Zambia kupitia Tanzania yalikosa njia. Katika nchi ya chai watu wengi hawakuona badiliko kubwa, maana chai yao ilikwenda Mombasa. Jambo hili si la kusahau, kwa kuwa msiba wa jirani huwa mwepesi kwa asiyepita njia ile. Ila kwa Mkurya wa Isebania mlango wa mjomba wake ulikuwa umefungwa. Bila shaka watu walipita. Mstari wenye urefu wa mamia ya kilomita hauwezi kulindwa usiku na mchana, na njia za panya zilikuwako tangu hapo. Tofauti ni kwamba sasa aliyekwenda kuposa, au kuzika, alikwenda kama mwizi.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka sita. Mswisi mmoja, Victor Umbricht, ndiye aliyewasuluhisha juu ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa. Mwezi wa Novemba 1983 Moi, Nyerere na Obote, aliyekuwa amerudi madarakani Uganda, walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999.

Ukifika Isebania leo utawakuta maofisa wa nchi mbili wakifanya kazi pamoja, na ukiwa na hati yako ya kusafiria hutakawia sana. Lakini fahamu kwamba mlango mmoja haukufunguliwa pamoja na mingine. Kabla ya 1977 magari ya watalii yalitoka mbuga ya Maasai Mara yakaingia Serengeti moja kwa moja, kwa njia ya Bologonja. Mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983, njia hiyo haikurudishiwa watalii. Mgeni aliyesimama ukingoni mwa mto Mara, akiwatazama nyumbu wakienda kusini kwa maelfu, alilazimika kugeuza gari na kuzunguka hata Isebania, au kurudi mpaka Namanga, ndipo awakute upande wa pili.