Bundi shingoni kwangu

Jumapili nilikwenda kumsalimia bibi nikiwa nimevaa mkufu mpya, zawadi ya rafiki aliyetoka Ugiriki. Kidani chake ni nakala ya sarafu ya kale yenye picha ya bundi. Bibi hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Mjukuu wangu, uchuro gani huo umeutundika shingoni?"

Ikabidi nijitetee kwa historia.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya mji wa Athens, karne ya 5 kabla ya Kristo. Thamani yake drakma 4, uzito kama gramu 17 za fedha. Fedha hiyo ilitoka migodi ya Laurion, na waliochimba walikuwa watumwa (wauza mikufu hilo hawalitaji). Upande mmoja kuna kichwa cha Athena, mungu wa kike wa hekima na vita. Upande wa pili kuna bundi wake, tawi la mzeituni na herufi 3 za jina la mji. Kwao bundi alikuwa ndege wa mungu mlinzi wao, wala hakuleta msiba. Pesa zenyewe waliziita "bundi". Hadi leo yumo kwenye sarafu ya euro 1 ya Ugiriki.

Na kuvaa sarafu si mambo ya juzi. Warumi walizitia kwenye fremu za dhahabu. Karne ya 4 baada ya Kristo, huko Antiokia, Yohane Krisostomo aliwakaripia Wakristo waliojifunga sarafu za shaba za Aleksanda Mkuu kichwani na miguuni kama hirizi. Jamani, hirizi!

Kinachoniudhi mimi ni sarafu halisi zinazofukuliwa kwa siri ili zikauzwe. Ikishatolewa ardhini hivyo, hakuna atakayejua tena ilikuwa kaburini au chini ya sakafu ya nyumba, wala ilizikwa pamoja na nini. Historia yake nusu imeshapotea, hata ikitiwa kwenye dhahabu. Ndiyo maana nakala yangu naivaa kwa amani.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo Athena alikuwa na mume?"

Nikamwambia hapana, hakuolewa kamwe.

"Unaona sasa? Vua hilo, uje ule."

Nikauvua. Nimeuvaa tena kwenye daladala.