Mezani kuna nani? Mashine, Serikali na sisi wa Mpanda



Leo nataka kuzungumzia tafrija. Si harusi wala kipaimara. Nazungumzia zile za jioni, hotelini, ambako wakubwa wa kampuni za simu na kompyuta wanakutana na mawaziri, makatibu wakuu na wakurugenzi. Picha zake mnaziona magazetini: suti, glasi za juisi, sambusa ndogo ndogo, kadi za biashara zinapita mkono kwa mkono. Wengi wanaziona ni ulaji tu. Mimi nimeanza kuziona kama sehemu ya historia, maana mengi yaliyotufikia huku Katavi, na mengi yasiyotufikia, yalianzia kwenye vikao vya namna hiyo.

Tuanze na ya kwetu wenyewe.

Kabla ya simu na kompyuta, teknolojia kubwa ilikuwa reli. Madini ya risasi yaligunduliwa Mpanda katika miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ikawa inachimba Mukwamba. Lakini risasi ni nzito jamani, huwezi kuibeba kichwani hadi bandarini. Ndipo serikali ya kikoloni na kampuni wakaelewana, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaanza kujengwa tawi la reli kutoka Kaliua, kwenye njia ya Tabora kwenda Kigoma, hadi hapa Mpanda. Ni kama kilomita 210 za pori. Mkonongo, Mbende au Mpimbwe hakuwa na kiti kwenye mazungumzo hayo. Reli haikuja kumfuata yeye, ilifuata mawe.

Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Kampuni ikaondoka, reli ikabaki. Na hapa ndipo utamu wa hadithi ulipo: kitu kilichojengwa kwa ajili ya mawe kikawa cha watu. Kwa miongo mingi, hasa masika barabara zikigeuka tope, treni ndiyo iliyotutoa na kutuingiza: wanafunzi, wagonjwa, magunia ya mahindi, kuku na kila kitu. Mji wenyewe umekua kwa sababu ya mkataba ambao wenye mji hawakuuona. Huwa nawaza, kama walioweka saini wangefikiria hata kidogo maisha baada ya mgodi, tungekuwa na nini leo?

Haya, twende Dar es Salaam.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Nchi ilikuwa changa, wataalamu wa kuhesabika, na muuzaji alitoka Uingereza, kwa mtawala wa jana. Hadi mwaka 1974 kompyuta za nchi nzima zilikuwa saba tu. Saba! Leo duka moja la kutoa fotokopi linaweza kuwa na karibu ya hizo.

Lakini hesabu za Serikali zilipoingizwa kwenye mashine, zikavurugika. Fedha zikapotea, kumbukumbu zikachanganyika, ikabidi kurudi kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni nazo zikakumbwa na zuio hilo. (Wazanzibari msinicheke. Najua nyie mlikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ile ya 70, sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994.) Aliyetaka kompyuta baada ya hapo ilibidi aombe kibali.

Mwaka huohuo wa 1974 ulizaliwa mkoa wa Rukwa, na Mpanda ikatolewa Tabora na kuingizwa huko. Huku hakuna aliyesikitika kuhusu kompyuta. Huwezi kulilia usichokijua.

Watu wengi wa rika langu wakisikia habari ya marufuku ile wanacheka: wazee walikuwa washamba, waliogopa mashine. Mimi siafiki. Dawa ilikuwa mbaya, ndiyo, ilituchelewesha miaka mingi. Ila ugonjwa waliuona sawasawa. Serikali ilinunua kitu ambacho upande wake wa meza hakukuwa na watu wa kutosha wa kukikagua. Aliyejua mashine inafanya nini alikuwa muuzaji. Ukiwa hivyo, hata ukipewa tabasamu na chai, wewe si mnunuzi, ni mgeni tu kwenye duka la mwenzio.

Marufuku ikalegea taratibu, na miaka ya 1990 milango ikafunguliwa. Sheria ya mawasiliano ya 1993, Posta na Simu kugawanywa, simu za mkononi kuingia... hayo mnayajua.

Nisichotaka kukipita haraka ni TTCL. Mwaka 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya hisa za kampuni hiyo kwa wabia wawili wa nje, MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Zikalipwa 60 kwanza, halafu ukaanza ubishi juu ya vitabu vya hesabu. Hesabu tena! Ndani ya TTCL hiyohiyo ikachipuka Celtel, ambayo baadaye ikawa Zain, kisha Airtel. Mtoto akanenepa, mama akakonda. Mwaka 2016 Serikali ikazinunua tena hisa zile 35 kwa shilingi bilioni 14.9, na mwishoni mwa 2017 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba Airtel ni mali ya TTCL, akaagiza uchunguzi.

Januari 2019, mwenyekiti wa Bharti Airtel, Sunil Mittal, akaja Ikulu mwenyewe. Wakakubaliana: hisa za Serikali kutoka asilimia 40 hadi 49 bila kulipia, madai ya kodi yafutwe, na kampuni itoe shilingi bilioni moja kila mwezi kwa miaka mitano. Kuna watakaosema mwekezaji alibanwa, na kuna watakaosema nchi ilirudishiwa chake. Ninachokiona mimi ni kwamba mambo ya 2001 yalihitaji miaka 18 na Rais mzima kuyarekebisha. Kikao cha kwanza kikiwa kibovu, cha pili kinakuwa ghali.

Na Mpanda je? Julai 23, 2009 Rais Kikwete alizindua Dar es Salaam mkongo wa baharini wa SEACOM, wa kilomita 17,000. Hafla ikafana, wakubwa wa teknolojia na wa Serikali ukumbi mmoja. Mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulikuwa umeanza, kwa mkopo kutoka China, na ilipofika 2012 ulikuwa na urefu wa kilomita 7,560 hivi. Pete yake ya magharibi ikapita huku kwetu, kati ya Sumbawanga na Kigoma. Mwaka huo ndio Katavi ikawa mkoa.

Sawa, waya ukafika. Lakini kwa miongo mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, tukiwashiwa umeme na majenereta ya dizeli. Waya wa mwanga unapita ardhini, juu yake taa zimezimika! Na mkongo kupita mjini si sawa na mnara kuwaka kijijini. Ndiyo maana Bunge lilitunga sheria ya mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kampuni zichangie ili zile sehemu zisizo na faida nazo zipate minara. Hiyo kwangu ni akili kubwa kuliko marufuku ya 1974. Haimfukuzi mwenye mashine, inamtoza kiti mezani.

Nimewahi kusimama kwenye tafrija moja ya namna hii, kitambulisho shingoni. Kila mtu alikuwa anazungumzia kasi. Nikialikwa nyingine nitawasogelea wakubwa na maswali yangu matatu: upande wa Serikali nani ameukagua mtambo huu? Siku mkiondoka kama Uruwira, kinabaki nini na ni cha nani? Na mnara wa kule Mpimbwe, dizeli ikiisha saa nane usiku, anapigiwa nani simu?